Handaki Lililokula Pumzi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa kule Masama, chini ya migomba yetu palikuwa na handaki walilochimba wazee wa zamani ili wajifiche wakati wa vita. Bibi alitukataza kulisogelea. "Waliobaki humo bado wana kiu ya pumzi," alisema.

Mchana mmoja mwanambuzi wetu alitumbukia humo. Bibi alikuwa kanisani. Nilimsikia mbuzi akilia, kisha akanyamaza. Nikachukua kiberiti na mshumaa uliobarikiwa siku ya Pasaka, nikaingia kwa magoti. Niliamini kilichobarikiwa hakishindwi.

Nilipomwona mbuzi amelala, nikainamisha mshumaa. Ukazimika, na upepo haukuwepo. Nikauinua, nikauwasha tena; ukawaka. Nikaushusha, ukazimika. Kichwa kikaanza kugonga. Nikamshika mbuzi mguu, nikarudi kinyumenyume hadi nje. Alikuwa amekufa.

Bibi alinikuta natapika.

"Manka! Sikukuambia?"

"Bibi, mbona juu unawaka, chini unazimika? Wafu wanakaa chini tu?"

Alinizaba kofi. Kisha akanikumbatia, akalia mpaka kitenge chake kikalowa.

Katekista aliniambia ni shetani, na kumchunguza shetani ni dhambi. Mwalimu akasema huo ni ushirikina wa bibi yangu. "Lakini mbuzi amekufa, mwalimu," nikajibu. Akanipigisha magoti mbele ya darasa. Nilipiga, ila sikulifuta swali langu.

Jibu nililipata sekondari: kuna hewa nzito isiyoonekana, hutuama mashimoni kama maji, huzima moto na uhai. Leo mimi ni mkemia wa nadharia. Sichanganyi dawa kwenye chupa. Nakokotoa jinsi chembe zinavyovutana na kusukumana. Kabla ya kazi huwa naenda misa ya asubuhi.

"Dokta, na milinganyo yote hiyo bado unasali?" mwenzangu aliwahi kunicheka.

"Nasali. Nikimaliza nakokotoa. Wewe kinakuuma nini?"

Na parokiani wapo wanaonionya kwamba sayansi itanipotezea Mungu. Nao nawajibu vivyo hivyo.

Bibi hakujua jina la hewa ile. Alijua inaua, akatulinda kwa maneno aliyokuwa nayo. Simwiti mjinga, na sitamruhusu mtu amwite hivyo mbele yangu. Waliokosea ni wale walionitaka ninyamaze. Katika kitubio nimeungama mengi, ila kuuliza sijawahi kuungama, wala sitaungama.