Siku Mama Alipogomea Ushuru

Harufu ya vitunguu vya Mang'ola humwingia mtu mpaka kwenye nywele. Nilipokuwa darasa la tano, kila siku ya mnada wa Karatu nilirudi nyumbani nikinuka vitunguu, na sabuni haikufua dafu. Mama, mzaliwa wa Mbulu aliyeanza kwa vibarua vya mashambani hadi akapata mtaji wake, aliviuza chini, juu ya turubai, jirani na mama mmoja wa Kichaga aliyeuza mitumba.

Msimu ule akina mama waligomea ushuru. Walikuwa wakilipa kila mnada, na bado soko halikuwa na choo. Wakibanwa na haja, ilibidi wawabembeleze wenye migahawa. Wakakubaliana: choo kwanza, ushuru baadaye. Shuleni wakaanza kuniita mtoto wa mkwepa ushuru. Niliona haya, hata wakati wa mapumziko nikawa nabaki darasani. Niliogopa pia, maana asiyelipa huchukuliwa mali, na vitunguu vile vikichukuliwa, nyumbani tungekula nini?

Basi siku moja nikamwona mtoza ushuru, kijana mmoja, anakuja na kitabu chake cha risiti. Mama alikuwa akimhudumia mteja. Nikajifanya mjanja, nikaburuta viroba viwili vya vitunguu na kuvifunika kwa mitumba ya jirani. Nilitegemea kusifiwa. Mama alipogundua, alivitoa mwenyewe, akaviweka mbele kabisa, miguuni pa yule kijana.

"Mwanangu, anayekwepa anajificha," aliniambia, watu wote wakisikia. "Sisi tunagoma. Anayegoma anakaa hapa, anataja jina lake na anachodai. Ukinifichia vitunguu, umenifanya mwizi."

"Mama, mimi nimetumwa tu," mtoza ushuru alisema, macho chini.

"Najua, kaka yangu. Andika jina langu, uwapelekee waliokutuma."

Akaandika. Kisha akaondoka na kiroba kimoja badala ya ushuru, na wiki ile tulikula ugali kwa mlenda mpaka nikauchukia. Nililia kwa aibu pale pale sokoni. Lakini kabla kijana hajaondoka, mama wa mitumba naye alitaja jina lake, akafuata mwingine, na mwingine, kalamu yake haikupumzika. Choo kilichimbwa kabla ya masika. Siku kilipofunguliwa, mama alikuwa wa kwanza kabisa kulipa ushuru, tena akadai risiti.

Leo nina kibanda changu cha mboga, nawauzia wapishi wa hoteli za watalii wanaopanda Ngorongoro. Ushuru nalipa kwa simu. Wenzangu wengi hulalamika vijiweni, halafu hupitisha mizigo njia za panya. Kikao kikiitwa, huwaoni. Mimi huenda, nikasimama, nikasema kipi nakipinga na kwa nini. Sauti hunitetemeka, na mara nyingi tunashindwa, ila sijawahi kumkimbia mtu sokoni. Hilo nimelipata kwa mama, na nilichelewa mno kumshukuru. Juzi ndipo nilipomwambia: asante, mama, kwa kunitia aibu mbele ya mnada mzima. Alinitazama kwa huruma, akaniomba msamaha kwa aibu ile. Siku yenyewe, alisema, haikumbuki.