Kinywa cha Tuba

Tuba ya bendi ya parokia yetu hapa Sumbawanga, lile tarumbeta kubwa la besi, ilikuwa imepoteza kinywa chake, kile kikombe cha chuma unachobandika midomo. Mwalimu wa bendi, mtumishi wa halmashauri aliyehamia kutoka Mbeya, akachomeka cha tromboni, tarumbeta jembamba zaidi, na kukizungushia mpira wa baiskeli kisichezecheze. Kisha akanikabidhi mimi, kwa kuwa nilikuwa na mabega ya kuibeba.

Kikombe cha tromboni ni kidogo na hakina kina. Midomo yangu ilibanwa humo, haina nafasi ya kutetemeka, wakati lile bomba pana lilidai pumzi nene, ya polepole. Noti za chini zilitoka nyembamba, zinakwaruza. Asubuhi za Juni, chuma kikiwa cha baridi, hazikutoka kabisa. Kila Jumamosi mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu nipige noti moja peke yangu. Walicheka hadi wakashika magoti. Yeye hakucheka, alisema tu kwamba wanawake wa Ufipa ugali wa ulezi wanaujua, kupuliza hawajui. Nilimchukia, na mpaka leo namchukia.

Nilivumilia miaka miwili kwa ajili ya upadrisho wa kaka yangu. Mama alikwisha kuutangazia ukoo mzima kwamba siku hiyo besi ataipiga dada mtu.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, akahamia kwetu mpigaji mmoja kutoka Chala, na kinywa chake cha tuba mfukoni: kipana, chenye kina cha kuchotea uji. Akaniazima. Nilipuliza vilevile kama siku zote. Sauti ikashuka, ikajaa, vioo vya ukumbi vikatetemeka. Hakuna aliyecheka. Machozi yakinitoka, nikamwambia mwalimu ajionee mwenyewe kwamba shida haikuwa mimi.

Alikichomoa kile kinywa, akakigeuzageuza, akamrudishia mwenyewe.

“Nimekusikia, dada,” akasema. “Kumbe kazi yote inafanywa na kinywa. Basi upadrisho atapiga mwenye kinywa.”

Nikamuuliza, ile sauti mbovu ya miaka miwili ilikuwa ya nani.

“Ile ilikuwa yako.”

Kaka yangu alipadrishwa nikiwa nimekaa benchi la nne pamoja na mama, ambaye hakunisemesha hadi misa ilipokwisha. Besi ilikuwa nzuri sana.