Baba yangu alisimama kona ya mpinzani wangu pale Litein

Wakuu, salamu kutoka huku kwenye majani chai. Nitakayowaambia ni ya kweli na sitatia chumvi, maana kidonda chenyewe bado kibichi.

Mimi ni bondia wa kulipwa. Msicheke. Najua mkisikia Kericho mnafikiria riadha. Hata mama mmoja Mkipsigis anayeniuzia maziwa huniuliza, "Wewe kijana, na miguu mirefu hivyo, si ungekimbia tu kama watoto wa wengine?"

Lakini kwetu ni ndondi. Babu alitoka pande za ziwa kuja kuchuna majani, akaja na ngumi zake. Baba akapigania timu ya estate ya chai, baadaye akawa kocha. Kaka zangu wawili, Ouko na Ochieng, wakafuata. Kule kwa nyumba za wafanyakazi tulikokulia, glavu zilianikwa kamba moja na nepi.

Enzi za amateur raha ilikuwa timu. Mnapanda lori pamoja, mnakula pamoja, na ukipigwa mnachekana njia nzima. Na kwa kona yuko Baba na ndoo yake ya maji. Alimsimamia Ouko, akamsimamia Ochieng.

Zamu yangu ikifika, mashine za kuchuna chai zikawa zimekuja, watu wakapunguzwa kazi, club yetu ya ndondi ikafa. Tukahamia shamba dogo upande wa Roret. Nikaingia pro peke yangu.

Hapa nieleze kidogo kwa wasiojua. Pro wa kiwango changu ndiye anayeitwa aende akapigwe na kijana wa mji wa watu. Promota anakutumia nauli ya mtu mmoja. Ukifika unapewa mtu wa kona ambaye hata jina lako hajui. Kuna mmoja aliniita "wewe wa Kisumu" mpaka pambano likaisha, na mimi Kisumu sijawahi kuishi.

Ukishinda ukumbi unanyamaza. Unarudi gesti, unakula chipsi ukiangalia ukuta. Nimeishi hivyo miaka mingi na upweke wake hauzoeleki.

Baba hakuwahi kuja. Ana mguu mbaya na presha, safari ndefu alikatazwa. Video zangu huziangalia kwa simu ya Ouko, halafu anarudisha simu bila kusema kitu.

Sasa mwaka jana promota mmoja akaleta show Litein. Hapo ni karibu, hata jirani mwenye pickup anaweza kumfikisha Mzee. Nilijua ni mara ya kwanza na pengine ya mwisho kupigana Baba akiwa kona yangu. Nikamnunulia tracksuit mpya. Hiyo ilikuwa furaha yangu kuliko pambano lenyewe.

Siku ikafika, mchana, ukumbi umejaa. Mpinzani wangu ni Wafula wa kutoka Bungoma. Amekuja peke yake na begi moja. Mtu wa kona aliyeahidiwa hakutokea, na refa akasema bila mtu wa kona hakuna pambano.

Baba akatuangalia. Nilikuwa na Ouko na vijana wawili wa gym.

"Nani anaenda kwa huyo kijana?"

Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni shida ya promota."

"Hapana. Mgeni akija pungufu, mwenyeji anatoa mtu. Kwa club yetu ilikuwa hivyo. Na hatoi mtu wa kuokota."

Akachukua ndoo, akazunguka ulingo akichechemea, akasimama kona ya Wafula. Na ile tracksuit yangu mpya mwilini.

Watu walicheka wakidhani ni mchezo. Mimi sikucheka. Mzee hajui kufanya kazi nusu.

Raundi ya tatu nikamsikia Baba akimpigia Wafula kelele, "Wuoda, akirusha kushoto, mkono wa kulia unashuka. Ngojea hapo."

Wuoda kwa lugha yetu ni mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo nikiwa ulingoni. Nilisahau hata kujikinga. Wafula alingojea hapo hapo, akanipata.

Nikashindwa kwa pointi, mbele ya watu wa kwetu.

Jioni nyumbani nikamuuliza, "Baba, kwani mimi si mtoto wako?"

Akakoroga chai yake. "Wewe ulikuwa na Ouko. Ulikuwa na Litein yote. Yule alikuwa na nani?"

Lakini wakuu, hakuna mtu Litein anayejua mkono wangu wa kulia unashuka. Ni yeye tu, na alimwambia mwingine.

Tangu hapo Wafula humpigia simu kila Jumapili. Baba anaweka loudspeaker, wanaongea jab na presha, wanacheka. Mimi niko hapo hapo sebuleni kama mgeni. Kuna siku Mzee aliniomba airtime ampigie "yule kijana". Nikamwekea.

Wiki hii imekuja kubwa zaidi. Wafula amepata pambano la mkanda Nakuru, na amemwomba Baba amsimamie. Mguu umekataa kabisa. Mzee akaniita.

"Nenda wewe."

Nilifungua mdomo nikatae. Kabla sijasema akaanza kunieleza namna ya kuzuia damu ya nyusi. Mtu akichoka unamwambia nini. Mtu akiogopa unamshika wapi. Wakati gani unanyamaza tu na kumpa maji.

Tumekaa hivyo nje ya nyumba wiki nzima. Sijawahi kukaa na Baba hivyo maishani. Kila kitu nilichotamani kuambiwa kwa kona yangu, ameniambia sasa, nikampelekee mtu mwingine.

Nilichojifunza: mzazi atakupa kwa njia yake, si ile uliyopanga wewe. Pokea hata kama imepitia kwa mgeni. Sitawadanganya kwamba haiumi. Inauma.

Gari ni kesho asubuhi. Waliolelewa na wazee wa aina hii, andikeni hapo chini mlifanyaje. Nitasoma zote njiani, maana hata safari hii promota ametuma nauli ya mtu mmoja.