Katekista Aliyemtaja Nduguye

Kwa miaka tisa Bartholomeo alikuwa katekista wa kigango kimoja juu milimani, upande wa Kilolo. Padre alifika mara moja kwa mwezi, kwa hiyo ni yeye aliyefundisha sala, aliyezika, na aliyeongoza Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima. Kule Kwaresima huangukia masika, na masika ndiyo msimu wa ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi. Wanaume wengi mfungo uliwashinda palepale penye mianzi. Yeye hakuonja hata tone tangu Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka.

Mwaka 1954, juma la pili la mfungo, alikuwa akitoka kukata nyasi za kuezekea kigango aliposikia ugomvi mianzini. Akakimbilia huko. Mdogo wake, Crispin, alikuwa amesimama huku akiyumba kwa ulevi, mundu wa kugemea mkononi. Miguuni pake jirani yao Kalinga aligaragara, shingo imepasuka. Ndugu wale wakatazamana, kisha Crispin akatimka kuelekea mtoni. Bartholomeo akapiga yowe, akamshika Kalinga mpaka alipokata roho.

Watu walipofika wakamwuliza ameona nini.

"Nimemkuta hivihivi," alijibu.

Kesho yake jumbe alimkamata Yotamu, Mnyakyusa aliyetoka Mbeya kuja kupasua mbao. Juzi yake alikuwa ametupiana maneno makali na Kalinga mbele za watu. Kwao mbali, dhehebu lake jingine, hakuwa na wa kumsemea. Akafungwa kamba, akapelekwa bomani Iringa.

Ijumaa Bartholomeo alisimama kusoma kituo cha kwanza. Alipofika pale Pilato anaponawa mikono, akaacha kusoma. Watu wakadhani ni njaa ya mfungo. Mama mmoja akamletea maji, naye akayapokea, akafunga kitabu.

Alirudi nyumbani moja kwa moja, akamkuta Crispin jikoni kwa mama yao, Benedicta.

"Twende wote bomani," alimwambia. "Sitakuacha peke yako."

"Kaka, kule wananyonga watu."

"Na Yotamu je? Yeye hawatamnyonga?"

"Yotamu ni nani kwako?"

Benedicta akaacha kusonga ugali. Akapiga magoti mbele ya mwanawe mkubwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya nje ya kanisa.

"Mwanangu, baba yenu nimeshamzika. Usinizikishe na huyu. Nyamaza tu. Mungu ameona, inatosha."

"Mama, hilo ndilo linaloniogopesha."

Majuma matatu alisali akimwomba Mungu amgeuze Crispin aende mwenyewe. Alikula mara moja kwa siku, halafu akawa anakula siku moja na kuacha ya pili. Crispin hakwenda. Alishinda vilabuni, na jioni aliporudi mama alimfungulia mlango.

Jumatatu ya Juma Kuu Bartholomeo alitembea kutwa nzima katika mvua mpaka Iringa mjini. Neno lake la kwanza mbele ya karani lilikuwa hili: "Siku ile nilidanganya."

Askari walikuja Alhamisi Kuu. Crispin alipita mbele ya kigango akiwa na pingu, macho ameyaelekeza chini. Mahakama ilizingatia kwamba yeye na marehemu Kalinga wote wawili walikuwa wamelewa, ikamwepusha na kitanzi, ikampa miaka kumi na miwili. Mwaka wa tatu akafia gerezani kwa ugonjwa wa kifua. Yotamu aliachiwa, akashika njia ya kwao Mbeya bila hata kurudi kuchukua msumeno wake.

Padre hakumwondoa Bartholomeo kwenye kazi yake, lakini wazazi wengi waliacha kuwapeleka watoto kwenye mafundisho. "Aliyemuuza wa tumbo moja," walisema, "atakuacha wewe?" Benedicta alifunga mizigo yake, akahamia Idodi kwa binti yake, Lea.

Mwaka 1958 zikaja habari kwamba mama amefariki. Bartholomeo alifika Idodi kaburi limeshachimbwa. Alipotoa kitabu chake cha sala, Lea akamshika mkono.

"Kaka, nisamehe. Mama aliniachia neno. Alisema mazishi yake usiyaongoze wewe."

"Alisema hivyo akiwa na akili zake?"

"Zote."

Bartholomeo akamkabidhi Lea kile kitabu. Akaenda kusimama nyuma kabisa, pamoja na watu asiowafahamu, na sala zilipoanza akaitikia pamoja nao.