Rubani wa Nyaramba na Wimbi ya Mama

Nyamira nzima hakuna rubani ananifikia, na sijawahi hata kugusa ndege.

Leo mchana mama alienda sokoni, akaniachia wimbi ya uji imeanikwa kwa mkeka nje niichunge. Mimi nikafungua kwa simu gemu yangu ya ndege isiyo na injini.

Hali ya hewa ndani ya hiyo gemu ni ya kweli, inatoka kwa mtandao. Wingu likiwa juu yetu, na huko liko.

Binamu yangu Ombati akacheka. "Wewe, hiyo ni katuni."

Nikamwonyesha kwa skrini wingu jeusi likija. Hewa ya chini yake ikaninyanyua, nikazunguka kama mwewe.

"Hesabu dakika kumi, mvua itakuwa hapa."

Ya tisa, mabati yakalia! Nikaruka juu. "Katuni, eeh? Rudia!"

Tulikuwa bado tunabishana mama akiingia, amelowa, amebeba mkeka unaochuruzika.

"Na hii mvua hukuiona?"

"Ilinishtukiza, mama."

Chekeni, lakini mniambie wimbi iliyolowa inaokolewa aje.

Ukweli? Niliiona kabla ya mtu yeyote hapa Nyaramba, na nikaishangilia.