Mluzi wa Baba

Nilicheza beki wa kati kwa miaka kumi na minne, na ukiwauliza washambuliaji wa wakati wangu watakuambia sikuwa mtu wa mchezo. Nikiukosa mpira, mguu wa mtu haukuwa mbali. Leo magoti yananikumbusha. Nikiinama kwenye alizeti yangu hapa Unyambwa, yanalia kabla sijafika chini. Sijutii hata kidogo.

Jambo moja tu lilinikera: baba hakuwahi kuja kuniona nikicheza. Kwake pale Ihanja, mimi nilikuwa nimeacha ng'ombe kwa ajili ya upuuzi. Siku naondoka kwenda kusajiliwa alimwambia mama, nami nasikia, "Huyo ameshapotea. Si wetu tena." Maneno hayo yaliniuma, na kila mechi niliyocheza vizuri nilitamani angekuwepo ayafute mwenyewe.

Kisha tukapangiwa mechi Singida mjini. Nilimbembeleza kwenye simu wiki nzima, akaja, kavaa koti lake la kanisani, na jogoo hai kwapani wa kuchinja tukishinda. Walinzi wa getini walibishana naye kuhusu yule jogoo mpaka wakachoka wao.

Sasa lazima nieleze namna tulivyochunga. Fahali akielekea kwenye mtama wa jirani, baba alipiga mluzi mmoja mrefu. Ukiusikia, wewe mtoto unasimama hapo hapo ulipo, kwa sababu ukimkimbiza fahali anakurupuka na kuingia shambani moja kwa moja. Asiyesimama alichapwa. Mimi nilichapwa mara mbili, ya tatu sikuihitaji.

Dakika za mwisho, bado hakuna bao, mshambuliaji wao akachomoka na mpira. Nilikuwa nimeshamkata njia, zimebaki hatua mbili nimfikie. Ndipo nikasikia mluzi kutoka jukwaani, mrefu, ule ule wa malishoni.

Nikasimama. Nikasimama wima, mikono ubavuni, mtu mzima mwenye mke na watoto. Jamaa akanipita, akanigeukia kwa mshangao, halafu akafunga.

"Ulikuwa unasubiri basi?" kocha aliniuliza, mate yanamruka. Nikasema msuli ulikaza. Uongo huo niliushikilia mpaka nikastaafu, maana ukweli ningeuelezaje? Nje ya uwanja baba aliitikia shikamoo yangu akitazama pembeni, akanikabidhi jogoo wake, akaondoka. Nikajua nimeharibu. Amekuja mara moja tu maishani, akaona upuuzi ule ule aliousema.

Mwaka jana nikaona nimeshakuwa mtu mzima wa kutosha kusema kweli. Nilimkuta asubuhi anatengeneza zizi, nikamsaidia kidogo, kisha nikalitoa la moyoni.

"Baba, siku ile mjini msuli haukukaza. Nilisikia mluzi wako."

"Najua," akasema, bila kuacha kufunga kamba. "Nilimwona yule kijana anatimua mbio, nikasahau kuwa si fahali. Nikapiga."

"Kwa hiyo miaka yote hii unajua ni wewe uliyetufungisha?"

Akacheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Nami nikacheka, ingawa kwa kweli nilikuwa na hasira kidogo.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Niliona haya. Ningekutazamaje usoni?" Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Lakini mama yako nilimwambia jioni ile ile. Nilimwambia, uwanja mzima unapiga kelele, kocha wake anapiga kelele, na yeye kasimama kwa mluzi wangu. Nikamwambia, mama, nilikosea. Huyu mtoto bado ni wetu."

Kisha akaniambia nishike ule mti wa upande wa pili tuuinue. Nikaushika. Magoti yakalia, na mimi nikalia.