Mtaa Uliorukwa na Spika

Bajaji iliteremka kilima huku spika ya juu ya paa ikinguruma, na mgeni aliyeketi nyuma, begi mapajani, akaziba sikio moja. Alikuwa ameshuka basi muda mfupi tu, haujui mji huu mbele wala nyuma. Chombo cha kwanza kusimama kumchukua kilikuwa hiki, cha mtu ambaye kila mmoja alimwita Redio.

"Vumilia, mgeni wangu," Redio alisema, akifunika maikrofoni kwa kiganja. "Mdomo wangu ndio jembe langu. Nimetangaza misiba, minada, mpaka mbuzi aliyepotea. Kuna jamaa nilimtangazia harusi, kisha nikamtangazia kwamba mke si wake tena, na zote kwa furaha ile ile."

Akaondoa kiganja. "Idara ya afya inawatangazia! Samaki wa bwawa la chini, pale bomba la kiwanda linapomwaga maji, wasiliwe! Sumu hii haiui leo, inajikusanya mwilini! Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, ndimu haiiondoi! Wajawazito na watoto wasionje hata mchuzi! Samaki wa mtoni, upande wa juu wa daraja, hao ruksa; kichwa, ngozi na matumbo tupeni!"

Walipokata kona ya mashine ya kusaga, akazima spika. Mtaa mrefu wa nyumba za mabati, nguo kwenye kamba, ukaanza kupita kimya.

"Hawa hawali samaki?" mgeni aliuliza.

"Betri," Redio alijibu bila kugeuka.

Betri ilikuwa nzima. Katikati ya mtaa ule aliishi mama mkwe wake, aliyekuwa akikaanga samaki wa kuuza mlangoni tangu alipofiwa na mume. Samaki wenyewe walitoka bwawa la chini, wanene, wepesi kuvuliwa. Redio, ambaye mbele ya mkwe hata kukohoa aligeuka pembeni, angepitaje pale akipiga kelele kwamba mama wa mke wake anawalisha watu sumu? Wiki nzima alikuwa akizima kwenye mashine na kuwasha tena mbele ya shule, mtaa ukiisha. Kila jioni alijiambia: kesho nitamwona faragha, nimweleze taratibu. Kesho hiyo ilikuwa haijafika.

Leo nayo alidhani atapita tu. Lakini mkwe alisimama katikati ya njia, mwiko mkononi.

"Baba, unanipita kama mwizi? Shuka! Na mgeni wako ashuke, aonje."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Binti yangu anakupikia au anakutazama tu?"

Mwanamke jirani, fundi cherehani, alikuwa amefika na sahani yake, mimba imemtangulia. Mkwe akamchagulia kichwa kikubwa, akaongeza ini. "Hili la mjukuu wangu aliye tumboni. Mwezi wa saba huu, lazima ale."

Redio alitazama viatu vyake.

"Mlipoanza makelele yenu niliogopa," fundi alimwambia kwa uchangamfu. "Nikisikia sauti yako kule kwenye mashine, moyo unaruka. Bahati mama alinituliza."

"Si nilikwambia?" Mkwe aligeuza samaki. "Nimewaambia wote hapa: anayetangaza ni mkwe wangu mwenyewe. Samaki wangu wangekuwa na ubaya, wa kwanza kuniambia angekuwa nani? Mbona akifika kwangu ananyamaza? Anajua hapa ni salama!"

Wanaume wawili waliokuwa wakila ukutani waliitikia, vinywa vimejaa.

 Redio alikuwa akidhani hajasema kitu. Kumbe kimya chake ndicho kilichokuwa tangazo, na mtaa mzima ulilisikia na kulitii.

Fundi aliinua ini.

"Usile." Sauti iliyozoea kuvuka vilima ilitoka kama ya mgonjwa wa mafua. "Dada, weka chini. Mama... ni hawa hawa. Samaki wa bwawa. Nilizima kwa ajili yako. Niliona haya."

Mkwe alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Haya ya nani, baba? Yangu?"

"Yangu."

"Ungenitukana hadharani ningelia, yakaisha. Sasa hawa niliowalisha nitawatazamaje?" Akainama, akaanza kuchomoa kuni jikoni, moja moja.

Fundi alishika tumbo. "Nimekula karibu kila siku. Mtoto atakuwaje?"

 Tangazo lote Redio alikuwa nalo kichwani; jibu la huyu mmoja hakuwa nalo. "Sijui, dada. Wanasema aliyekula aache mara moja, aende kliniki awaeleze. Panda nikupeleke."

Mgeni alikuwa ameshashusha begi, nafasi ikawa wazi.

"Washa hiyo spika," mkwe alisema. "Anzia mlangoni pangu. Unitaje."

"Mama..."

"Unitaje. Na wewe ujitaje."

Aliwasha. "Idara ya afya..." Akaacha, akaanza upya. "Watu wa mtaa huu, samaki mnaokula hapa ni wa bwawa la chini. Anawakaanga mama mkwe wangu. Yeye hakuambiwa. Mimi nilijua, nikapita hapa wiki nzima nimezima."

Milango ilifunguka huku na huku. Redio aliendesha polepole, fundi nyuma yake, na kwenye kioo cha pembeni akamwona mkwe amekaa kwenye kigoda pale pale mlangoni, uso wazi, majirani wakimwendea, na mgeni kasimama kando yake na begi lake.